Kubadilisha madirisha ya nyumba ya zamani huku kwetu Mbeya: hela inaishia ukutani

Mwaka juzi mwezi wa sita mama alinipigia simu akasema baridi ya safari hii imemzidi, usiku upepo unaingia chumbani mpaka pazia linapepea na dirisha limefungwa. Nyumba yake ipo njia ya kwenda Tukuyu, ni ya tofali za kuchoma, baba aliijenga miaka ya 1980, madirisha ni yale ya fremu za mbao zenye nondo zilizopita katikati ya fremu, na vioo vya luva ambavyo vingine vilishavunjika siku nyingi tukaziba na maboksi. Nikaenda kwa fundi wa alminiamu mjini, nikamtajia madirisha tisa na saizi za kukadiria, akanipa bei, nikaona inabebeka, nikamwambia mama tunaanza. Hela yote niliyotenga iliisha wakati madirisha manne hayajaguswa kabisa, na fundi wala hakuwa amepandisha bei hata shilingi.

Bei aliyonipa ilikuwa sahihi, ila ilikuwa bei ya dirisha. Mi nilichotakiwa kujua ni gharama ya kulitoa dirisha lililopo na kuweka lingine palepale, na hivyo ni vitu viwili tofauti sana. Tangu hapo nimeshasaidia ndugu wengine wawili kupiga hizi hesabu, mmoja yuko Ipogolo Iringa na mwingine Makambako, na kote nimekuta mtu anaanzia kwenye rangi ya vioo wakati kitu cha kuanza nacho ni ukuta.

Anza na tundu

Nyumba mpya haina shida, tundu liko wazi, lenta (boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya tundu) ipo, lipu imepigwa, fundi anapima anaenda kutengeneza anarudi kufunga. Nyumba ya zamani tundu lina mwenyewe. Fremu ya mbao ilisimamishwa kwanza afu tofali zikapangwa kuizunguka, ikashikwa na vyuma au misumari mirefu iliyozama kwenye ukuta, kwahiyo kuitoa ni kuvunja lipu pande zote nne na mara nyingi tofali mbili tatu zinatoka nayo. Hapo unahitaji saruji, mchanga na mwashi wa kurudishia kingo, halafu skimu, halafu rangi, na rangi ukipaka kile kipande ulichorekebisha tu hakifanani na ukuta wa miaka kumi, utaishia kupaka ukuta mzima, na ukipaka ukuta mmoja wa sebule kuta tatu zilizobaki zinaonekana chafu. Hii hela ya mwashi na rangi haimo kwenye bei ya fundi alminiamu na wala siyo kazi yake kuiweka, ni wewe wa kuiuliza.

Kinachotisha zaidi ni juu ya dirisha. Nyumba nyingi za zamani huku kwetu zilijengwa kwa tofali za kuchoma na udongo badala ya saruji, na zingine hazina lenta ya zege, yani tofali za juu zimekaa moja kwa moja kwenye fremu ya mbao. Hiyo fremu unayoiona imechoka ndo imebeba ukuta. Ukiing'oa bila kutega mirunda, tofali za juu zinashuka, na anayekuwa chini yake ni yule kijana wa fundi mwenye mtaimbo. Kwa mama madirisha mawili yalikuwa hivyo. Tukalazimika kusimamisha mirunda, kutoa tofali kidogo kidogo, kufunga nondo, kutengeneza fomu ya mbao, kumwaga lenta, kuimwagilia maji siku saba na kuacha mirunda chini yake kama wiki mbili hivi ndipo tuendelee. Lenta moja ya futi 6 au 7 siyo gharama ya kuua mtu, ila ikija hujaipanga, na muda nao unakwenda, na mafundi wanataka kula.

Kujua mapema ni rahisi. Chukua nyundo na patasi, banjua lipu kidogo juu ya kona ya dirisha, angalia kama kuna zege au kuna tofali tu. Ni dakika tano, na shimo lenyewe ni dogo.

Kitu kingine kinachojificha ni nondo. Kwenye haya madirisha ya mbao nondo zimepitishwa ndani ya fremu, kwahiyo siku unatoa fremu umetoa na ulinzi. Sasa unahitaji grili mpya ya kuchomelea, na kwa hesabu nilizopiga mimi grili nzuri inaweza kukaribia bei ya dirisha lenyewe, kwahiyo mtu aliyepanga madirisha tisa bila grili amepanga kama nusu ya kazi. Grili ndo inatangulia, inafungwa ukutani, mwashi anarudishia kingo, ndipo alminiamu inakuja. Na chumba cha kulala naomba sana kila nyumba iwe na angalau grili moja ya kufunguka yenye kufuli, ufunguo unaning'inia mahali ambapo kila mtu mle ndani anapajua. Moto ukianzia jikoni usiku watu watatokea wapi?

Pima mwenyewe kabla ya kwenda kwa fundi

Huku tunazungumza futi, dirisha la 5 kwa 5, la 4 kwa 5, la choo 2 kwa 2, lakini mafundi wengine wanapiga bei kwa skwea mita na wengine kwa dirisha, ndo maana kulinganisha bei za watu wawili inachanganya mpaka mtu anaishia kumchagua aliyeongea vizuri. Njia ni kuzileta zote kwenye kipimo kimoja. Skwea mita 1 ni kama futi za mraba 10.76. Nyumba ya mama ilikuwa na madirisha manne ya 5 kwa 5, matatu ya 4 kwa 5 na mawili ya 2 kwa 2, ukizidisha unapata 100 na 60 na 8, jumla futi za mraba 168, gawanya kwa 10.76 ni skwea mita 15.6 hivi.

Sasa tuseme, na hizi ni namba za kufanyia hesabu tu siyo bei ya sokoni, fundi wa kwanza anasema laki moja kwa skwea mita, hiyo ni 1,560,000. Fundi wa pili anasema dirisha kubwa 220,000, la kati 190,000, dogo 60,000, jumla 1,570,000. Yani wamelingana. Lakini ukimgawanya huyu wa pili dirisha kwa dirisha unakuta lile kubwa kaliuza kama 95,000 kwa skwea mita na lile la choo kama 161,000. Siyo wizi. Dirisha la 5 kwa 5 lina futi 20 za fremu kuzunguka futi za mraba 25, la 2 kwa 2 lina futi 8 za fremu kuzunguka futi za mraba 4 tu, na linahitaji kona nne, loki na muda wa kukata vilevile. Kwahiyo kama nyumba yako ina madirisha madogo mengi mtafute anayepiga kwa skwea mita, na kama ni makubwa matupu anayepiga kwa dirisha anaweza kukufaa zaidi. Kuna watu wameokoa hela hapa bila kubishana na fundi hata neno moja.

Ukipima, pima upana mara tatu, juu katikati na chini, na urefu mara tatu, andika kile kidogo. Halafu pima kona kwa kona, mishazari yote miwili, ikitofautiana ujue tundu limepinda na mwashi ana kazi ya kulinyoosha kabla. Tundu la tofali za kuchoma mara nyingi limepinda. Fundi akikuambia hana haja ya kuja kupima, saizi ulizotaja kwa simu zinatosha, achana naye, maana dirisha likija kubwa haliingii na likija dogo atajaza silikoni pengo la vidole viwili, na silikoni ya hivyo haidumu.

Akishakupa bei muulize ndani yake kuna nini. Wavu wa mbu upo? Kioo milimita ngapi? Profaili, yani vile vipande vya alminiamu vya fremu, nene kiasi gani? Rola, vile vigurudumu vya kuslaidi, za namna gani? Usafiri na kufunga viko humo? Na kama ni duka lililosajiliwa, bei ni kabla au baada ya VAT, maana kiwango cha kawaida ni asilimia 18 na kwenye milioni mbili hiyo ni 360,000, siyo hela ya kukumbushwa mwishoni. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Kioo kinene hakileti joto

Hapa watu wa nyanda za juu tunapoteza hela kwa kuamini kitu ambacho hakipo. Nimesikia mara nyingi, sisi huku baridi weka kioo cha milimita 6. Kioo kimoja kiwe cha 4 au cha 6 kinapitisha baridi karibu sawasawa, tofauti ni ndogo hutaisikia mwilini. Kinachozuia baridi ni hewa iliyofungiwa katikati ya vioo viwili, ambayo ni dirisha la aina nyingine na bei nyingine. Kioo kinene kina kazi yake, kinastahimili upepo na kugongwa, na kwenye kipande kikubwa kinahitajika, ndugu yangu wa Makambako pale kwenye upepo ule sikumshauri apunguze. Lakini kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita kwa skwea mita, dirisha la 5 kwa 5 lenye kioo cha 4 lina kama kilo 23 za kioo, cha 6 linafika kilo 35, na uzito wote huo unakaa juu ya rola ndogo. Ukiweka kioo kinene na rola za plastiki dhaifu, mlango wa dirisha utaanza kukwama mapema.

Baridi ya nyumba za zamani inatoka kwenye mapengo. Luva hazijawahi kufunga kabisa, fremu imepinda, pembeni ya fremu na ukuta unaweza kupitisha kidole. Dirisha lolote linalofunga vizuri, lenye brashi na mpira mzima, likizungushiwa silikoni nje na ndani, linaondoa sehemu kubwa ya baridi, halafu pazia zito linamalizia. Na jua. Sisi tuko kusini ya ikweta, mwezi wa sita na wa saba jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, kwahiyo madirisha ya kaskazini ndo yanayoingiza joto la bure wakati tunalihitaji. Ukiyawekea tinti nzito unalifungia nje. Weka kioo cheupe huko, tinti peleka upande wa barabarani kama unataka faragha.

Alminiamu yenyewe inapitisha baridi kuliko mbao, ndo maana asubuhi ya Njombe au Makete unakuta fremu ina matone ya maji kwa ndani, hilo ni jasho la hewa ya chumbani siyo dirisha kuvuja, usimwite fundi, futa na ufungue kidogo. Ila mvua ni habari nyingine. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na dirisha la kuslaidi lina reli ya chini ambayo lazima ijae maji mvua ikipiga, kwahiyo lazima iwe na vitundu vya kutolea maji upande wa nje, na kingo ya chini ya ukuta iteremke kwenda nje. Vitundu ni kazi ya dakika chache kwa drili, na visipokuwepo maji yanarudi ndani kwenye lipu yako mpya.

Kyela, kule kwenye Ziwa Nyasa, ni dunia nyingine kabisa. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari wakati Mbeya mjini ni kama 1,700, kule shida ni joto na mbu, na dirisha la kuslaidi la milango miwili linafunguka nusu tu, kwahiyo usiige la Mbeya, omba la kufunguka lote au ongeza ukubwa, na wavu usikose.

Mbao isidharauliwe

Tunakaa jirani na Mufindi, shamba la miti la Sao Hill liko palepale, na mtu wa Mafinga ananunua mbao karibu kuliko mtu wa sehemu nyingi za nchi hii, wakati alminiamu na kioo vinapanda barabara zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar mpaka Mbeya. Fremu ya paina iliyokauka na kutiwa dawa inafanya kazi vizuri, na mbao haina ubaridi wa chuma. Tatizo ni kwamba mbao nyingi zinauzwa mbichi, fundi anatengeneza wiki hiyohiyo, dirisha linakaa vizuri mwezi mmoja, likikauka linasinyaa na kupinda na upepo unarudi palepale. Kama una nafasi nunua mbao mapema, zipange kivulini na vijiti katikati hewa ipite, ziache miezi. Halafu uhesabu rangi ya kila baada ya miaka michache, maana mbao isiyopakwa upande wa mvua inaoza kuanzia chini.

Na kuna madirisha hayahitaji kubadilishwa. Kwa mama mawili ya upande wa ua fremu zilikuwa ngumu bado, ukichoma bisibisi haiingii, tukatoa luva tu tukaweka vioo vizima na mpira, tukapiga msasa na rangi. Kwa nilichookoa hapo tulipata grili ya chumba chake. Choma bisibisi kwenye kila fremu sehemu ya chini, ikizama kama kwenye sabuni hiyo itoke, isipozama fikiria mara mbili.

Zile mbao za zamani zenye rangi tafadhali msipikie. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, moshi na majivu yake ni sumu kwa watoto.

Panga kwa upande, siyo kwa chumba

Wengi wetu hela inakuja kwa msimu, mtu anauza viazi, parachichi, mpunga au kahawa, au anasubiri zamu yake ya kikoba, kwahiyo kufanya yote mara moja haiwezekani na wala si lazima. Ila usigawe kwa chumba. Gawa kwa upande wa nyumba, kwa sababu ukimaliza upande mmoja mwashi na mpaka rangi wanamaliza kabisa hawarudi tena, na profaili zote za upande huo unazinunua siku moja, maana ile rangi ya kahawia ya mwaka huu inaweza isifanane na ya mwaka jana na ukiziweka pamoja kwenye ukuta mmoja inaonekana. Anza na upande unaopigwa na mvua na upepo. Wakati mzuri ni Juni hadi Oktoba, mavuno yameingia, mvua ni kidogo, lipu inakauka. Ukibomoa Desemba nyumba iko wazi na mvua haisubiri. Na siku ya kutoa fremu toeni zile tu mnazoweza kuziziba jioni ileile, mama mwenye miaka sabini hawezi kulala na nailoni dirishani Julai.

Mwashi amalize kabla alminiamu haijafungwa, au basi fremu zifunikwe na nailoni, saruji mbichi inakula alminiamu na doa lake halitoki. Mi sasa kwenye bajeti naongeza asilimia 15 ya dharura, na nyumba ya tofali za udongo bila lenta naweka 20.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Huku kwetu mwezi wa sita watu wanaingiza jiko la mkaa ndani kupata joto. Ile nyumba ya zamani yenye mapengo ilikuwa inawaokoa bila wao kujua. Ukishaziba madirisha vizuri, gesi ya kaboni monoksaidi ya ule mkaa haina pa kutokea, haina rangi wala harufu, inaanza kichwa kuuma na kizunguzungu, na mtu aliyelala haamki. Nilimwambia mama siku tuliyofunga dirisha la kwanza, jiko haliingii tena chumbani, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu bila moshi, na nikaongeza kwenye bajeti blanketi mbili nzito. Tukaacha na vile vitundu vya hewa vya juu ya dirisha wazi na wavu wake, wakati fundi alitaka kuviziba.

Malipo yaandikeni hata kwenye karatasi ya daftari, saizi, aina ya kioo, wavu, siku ya kumaliza, nani analipa kioo kikivunjika njiani kwenye kirikuu (gari dogo la mizigo), wote wawili mweke saini na jirani mmoja ashuhudie. Advansi ni ya vifaa, na kama unaweza nenda naye dukani ununue kwa jina lako. Acha kiasi cha mwisho mkononi, mi niliacha asilimia 20, mpaka dirisha lijaribiwe. Kujaribu ni ndoo ya maji na kikombe kikubwa, mmoja anasimama nje anamwaga juu ya kioo na kwenye kona zote kama dakika kumi, mwingine ndani amepitisha karatasi kavu kwenye kingo ya chini. Kwa mama madirisha matatu karatasi ililowa, fundi akatoboa vitundu vya reli na kurudia silikoni, tukamwaga tena jioni ikabaki kavu, ndipo nikamlipa.